Ubani wa Mheshimiwa

Jumamosi alasiri Jelagat na Mama Junior walikuwa wakisogeza viti ili wapige deki kanisani, na Mama Junior akajikwaa. Zulia la kijani lililotandikwa mbele ya mimbari lilikuwa limeinuka mahali pamoja, kana kwamba kuna mkate umesahauliwa chini yake. Walilikunja. Sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka, na katikati ya ufa kulikuwa na jiwe la kijivu, bapa na lenye unyevunyevu. Jelagat alilipangusa kwa tambara, akapiga deki kulizunguka, wakalirudisha zulia.

Kanisa hilo liko Saltley, mtaa wa Birmingham, Uingereza, nyuma ya duka la matairi, katika jengo ambalo zamani lilikuwa karakana ya kutengeneza vitasa vya milango. Nusu ya waumini ni Wakenya, nusu ni Wakongo wa mashariki. Maombi hufanywa kwa Kiswahili cha huku na cha kule, na matangazo husomwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto.

Pasta Barnabas alipoonyeshwa jiwe alisema ni kawaida ya majengo ya zamani, ardhi ya mji huu ina maji mengi. Kufikia Pasaka jiwe lilikuwa limefika magotini. Mwezi wa Juni lilifika kiunoni, likaacha kukua. Lilikuwa nguzo fupi ya pembe nne, na juu yake palichongwa kibakuli chenye masizi ya moto wa zamani sana. Upande wa mbele kulikuwa na maandishi, na mstari mmoja, ambao bila shaka ulikuwa jina la mtu, ulikuwa umekwanguliwa kwa patasi. Watoto walikatazwa kulipanda. Waliozoea kukaa safu ya kwanza walihamia pembeni. Mama Junior aliweka juu yake maua ya plastiki, na jiwe likawa samani kama samani nyingine.

Mwezi huohuo, katika maombi ya Jumatano jioni, walimkuta mwanamume ameketi safu ya nyuma. Alivaa joho zito la sufu lililolowa maji na viatu vya ngozi vyenye misumari kwenye nyayo. Alikuwa amekufa siku nyingi. Mwanga wa taa ulimpita na kumulika kiti alichokalia. Ilipofika zamu ya wageni kujitambulisha, alisimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," kanisa likaitika.

Alisema anaitwa Vitali, na kwamba madhabahu ile ilikuwa chini ya uangalizi wake enzi barabara ya pale nje ilipokuwa ya wanajeshi wa Kirumi. Kiswahili alikuwa amejifunza akiwa chini ya sakafu, kwa kusikiliza mahubiri. Kwa sababu hiyo hakujua kusema kijiko wala sabuni, lakini maneno kama unyenyekevu na upatanisho yalimtoka bila shida. Baada ya ibada Mama Junior alimpa chai. Aliishika mpaka ikapoa, akamrudishia kikombe kikiwa kimejaa, akashukuru.

"Kazi yako ilikuwa nini hasa, mzee?" Jelagat alimuuliza.

Vitali akaeleza. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mtawala, watu wa eneo lote walipanga foleni mbele ya jiwe. Kila mmoja alichukua ubani kidogo kwa vidole, akautia motoni, akasema ni kwa afya ya mtawala. Kisha akaenda zake.

"Mlikuwa mnamwabudu mwanadamu," alisema Pasta Barnabas.

"La, mpendwa. Hakuna aliyeamini kwamba ni mungu. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo na sote tulijua. Ilikuwa ni kuonyesha tu uko upande gani."

"Na wasiotaka?"

"Walikuwepo wachache. Walikuwa wakisali katika chumba nyuma ya nyumba ya mtengeneza ngozi, wakilitaja jina hilihili mnalolitaja ninyi. Ukiwaomba wamwombee mtawala, waliomba usiku kucha. Lakini ubani walikataa."

Maneno hayo yalimgusa sana Barnabas. Alihubiri habari za watu wale Jumapili mbili mfululizo, akasema hao ndio wazee wetu katika imani, na kwamba tunakanyaga udongo waliosimama juu yake. Mama Junior alilia. Kwaya ikaanza mazoezi ya wimbo juu ya Shadraka, Meshaki na Abednego katika tanuru. Vitali alisikiliza kutoka safu ya nyuma, akitikisa kichwa kukubali kila jambo.

Jelagat alikuwa na miaka mitatu Birmingham. Alipanga chumba Sparkhill, juu ya duka la nguo za harusi katika barabara ya Stratford, na mwenye nyumba na duka alikuwa Msomali mpole aitwaye Abdow. Binti yake, Chemutai, alimwacha Kapsabet kwa bibi yake akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, kuwapa dawa, kufunga mlango na kukimbilia basi la kwenda kwa mwingine. Mzee aliyempenda kuliko wote ni Cheryl, mjane wa Kingstanding, aliyekuwa hawezi tena kujigeuza kitandani. Cheryl alimwita "bab", kama watu wa huko wanavyowaita watoto na wapenzi wao.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa mali ya Xavier, Mkenya mwenzake, na ndiyo iliyomdhamini viza. Ilikuwa imewadhamini wengi pale kanisani. Bila kampuni hiyo hawakuwa na ruhusa ya kufanya kazi, na bila kazi hawakuwa na ruhusa ya kuishi. Hata jengo la kanisa Xavier ndiye aliyelikodi kwa jina lake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye suti nzuri, na kila alipowazungumzia alisema "watu wangu".

Ziara ya kwa Cheryl ilipaswa kuwa nusu saa. Kampuni iliigawa mara mbili ili mhudumu mmoja awahi nyumba mbili. Katika dakika kumi na tano unaweza kumwosha mtu uso na kumpa chai na dawa, lakini huwezi kumgeuza, kumsafisha mgongo na kumpaka mafuta. Mgongo wa Cheryl ukafanya kidonda. Jelagat aliripoti ofisini. Akaambiwa aandike kwenye simu ya kazi kwamba ngozi ni nzima. Alikataa, na meneja akaandika mwenyewe. Jelagat akapiga simu baraza la mji. Mwanamke mmoja alichukua jina lake na kumshukuru, na baraza likaiuliza kampuni, na kampuni ikajibu kwamba ngozi ni nzima.

Mwezi wa Agosti mbunge wa kwao Xavier, huko Kenya, alifariki, na Xavier akatangaza kwamba atagombea kiti katika uchaguzi mdogo. Asubuhi ya Jumapili iliyofuata, waliofika mapema kanisani walikuta vumbi la mawe limetapakaa kwenye zulia. Pale penye mstari uliokwanguliwa palikuwa na herufi mpya, zimekatwa safi: XAVIER. Mama Junior alilivuta vumbi kwa mashine kabla ya ibada.

"Ndivyo linavyofanya," alisema Vitali. "Hujua kabla ya watu."

Xavier alilitazama jina lake kwa muda. Hakucheka wala hakujivuna. Alilipiga picha, akakaa na Barnabas ofisini, na walipotoka mambo yalikuwa yamepangwa. Kungekuwa na Jumapili ya baraka. Watu wangepita mmoja mmoja mbele ya jiwe, wangetia ubani, wangesema ni kwa afya na ushindi wake, na video ingetumwa nyumbani ili wapiga kura waone kwamba watu wa ng'ambo wako naye.

"Si ibada," Barnabas aliwaeleza waumini. "Ni heshima tu. Hata Biblia inatuambia tuwaheshimu wenye mamlaka."

"Maneno hayohayo nilikuwa nikiwaambia," alisema Vitali kutoka nyuma, na kwa sauti yake ilionekana anataka kusaidia.

Baadaye Jelagat na Mama Junior walikuwa jikoni wakiosha vikombe.

"Mimi sitatia," alisema Jelagat.

Mama Junior aliendelea kusugua. Jina lake ni Lucie, lakini pale kanisani wengi humwita kwa jina la mwanawe. Alifika Uingereza kama mkimbizi na makaratasi yake yalikuwa yamekwisha kukamilika zamani. Yeye hakumhitaji Xavier kwa lolote. Junior ndiye aliyekuwa dereva wa kampuni.

"Sikia, Jela," alisema. "Miye nilishakimbia kwetu. Ku njia tulikuta barrière ya baaskari, banatuuliza, munashangilia nani? Tukashangilia mukubwa wabo. Mbele kidogo barrière ingine, mukubwa mwingine. Tukashangilia tena. Siku moya, bakubwa batatu. Nilikuwa na mutoto ku mugongo. Mungu aliona, akanyamaza. Donc huyu wenu ni wa ine tu."

"Wale walikuwa na bunduki, Mama Junior."

"Na huyu iko na viza yako. Sasa unaona ni tofauti gani?"

Jelagat alikausha vikombe vyote kabla ya kujibu. "Naweza kumwombea," alisema. "Hata sasa hivi naweza kupiga magoti nimwombee asamehewe. Lakini kusimama nikasema niko naye, na nimeuona mgongo wa yule mama, hapana."

"Chemutai je?"

Jelagat alivipanga vikombe kabatini.

Jumapili yenyewe ilikuwa na jua. Xavier aliketi mbele katika kiti cha mikono kilicholetwa kutoka nyumbani kwake. Vitali alikuwa amewasha makaa kwenye kibakuli tangu alfajiri. Hakuna aliyemwona akiyawasha, lakini yaliwaka vizuri. Ubani ulinunuliwa barabara ya Alum Rock, kwenye duka la manukato, ukawekwa katika sahani ya keki. Kijana mmoja alishika simu akirekodi. Kwaya iliimba ule wimbo wa Shadraka, Meshaki na Abednego, kwa sababu ndio walioufanyia mazoezi.

Barnabas alitangulia. Walifuata mashemasi, kina mama, wauguzi, wanafunzi, wanaume wa bohari waliotoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja. Kila mmoja alichukua ubani kwa vidole vitatu, akautia, akasema maneno. Mama Junior alitia, akayasema kwa haraka kama mtu anayehesabu vijiko, akarudi kuimba sauti yake ya pili.

Moshi haukupanda darini. Ulipotoka kwenye makaa ulimrudia kila mtu na kujishikiza kwenye vidole alivyotumia, uzi mwembamba wa kijivu kama wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Haukuunguza. Watu walirudi vitini mwao wakiwa na moshi mikononi, na waliokuwa na shughuli ya kushika kitabu cha nyimbo walikishika kwa mkono wa kushoto.

Jelagat alipofika mbele ya jiwe alisimama. Vitali alikuwa kando, na kwa karibu uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa kazi ndefu ya ofisi.

"Gusa tu sahani," alinong'ona. "Mimi nitatazama mlangoni. Niliwafanyia wengi hivyo."

"Na walikubali?"

"Wengi walikubali. Walikuwa na watoto."

"Ambao hawakukubali walienda wapi?"

Vitali alitazama zulia. "Wapo hapa," alisema. "Niliwasihi sana, mpendwa. Mmoja alikuwa akituuzia mikate. Nimejaribu kulikumbuka jina lake na halinijii."

Kwaya ilikuwa imefika kwenye kiitikio. Jelagat alimgeukia Xavier, akainamisha kichwa kwa adabu kama anavyomsalimu mtu yeyote mkubwa, akapita. Sahani hakuigusa. Kijana wa simu alisimamisha kurekodi, akasubiri afike kitini, akaendelea na aliyefuata.

Hakuna aliyemkasirikia. Xavier alimpigia simu jioni ileile.

"Dada yangu, usiwe na wasiwasi," alisema. "Hii ni nchi huru. Hakuna mtu anayekulazimisha."

"Asante, Bwana Xavier."

"Ni vile tu nafanya kazi na watu ninaowajua. Usiku mwema."

Wiki iliyofuata Jelagat alipangiwa zamu tatu. Iliyofuata, moja. Kisha kampuni ikaiarifu serikali kwamba haimdhamini tena, na serikali ikamwarifu Jelagat kwamba muda wake nchini utakwisha baada ya wiki chache, isipokuwa apate mwajiri mwingine. Alizunguka kampuni nyingine za mji. Kila mahali waliuliza alikotoka, wakapiga simu kule, wakarudi na majibu ya upole.

Waliotia ubani walijifunza kuishi na moshi. Siku za kwanza kulikuwa na usumbufu, kwa kuwa ving'ora vya moto vililia katika nyumba za wazee walizoingia, na wazee wengine walidhani wameacha jiko likiwaka. Kampuni ikagawa glavu nene. Usiku watu walilala mkono mmoja ukiwa nje ya blanketi. Abdow alimuuliza Jelagat kama wenzake wameanza biashara ya udi, kwa sababu ngazi zake zilikuwa zikinukia vizuri kila walipomtembelea, na aliifurahia harufu hiyo.

Mama Junior ndiye aliyegundua kwamba moshi una upande. Haukusimama wima. Hata ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, ulilala kuelekea Solihull, ambako Xavier alikuwa na nyumba. Xavier alipokwenda ofisini kwake mjini, moshi wote uligeuka taratibu. Alipopanda ndege kwenda kufanya kampeni, uliinama kusini mashariki, ukabaki hivyo. Ndani ya basi, watu wa kanisa moja walijuana hata kama hawajasalimiana, kwa kuwa nyuzi zao zote zilielekea dirisha lilelile. Basi lilipokata kona, moshi ulizunguka ndani kama sindano ya dira.

Barnabas alimtembelea Jelagat Sparkhill siku ya mvua. Hakuwa mtu mbaya. Alileta ndizi, mkate na maziwa, akaketi kwenye kiti cha pekee, na Jelagat akafungua dirisha kidogo ili moshi wake usijae chumbani.

"Njoo Jumatano," alisema Barnabas. "Tutakuwa wawili tu na Mzee Vitali. Hakuna video. Punje moja ya ubani, dada, halafu mimi mwenyewe nampigia. Amenihakikishia."

"Pasta, ulituhubiria habari za wale watu wa nyuma kwa mtengeneza ngozi."

"Nilihubiri."

"Ukasema walikuwa sahihi."

"Walikuwa sahihi," alisema Barnabas. "Lakini wao hawakuwa na viza ya mtu."

Jelagat hakucheka, na Barnabas hakuwa amesema kwa mzaha. Chini, mteja wa Abdow alikuwa akibishana juu ya urefu wa gauni. Barnabas aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kama mtu anayetazama mkono uliovunjika ukaungwa vibaya.

"Jumapili nikinyanyua mikono kuwabariki," alisema, "moshi unalala upande. Nasema neema ya Bwana iwe nanyi, na mkono unaonyesha kwake. Wote wanaona."

"Wanasemaje?"

"Wanasema amina."

Alipoondoka alisahau mwavuli. Jelagat alimkimbiza nao hadi kituo cha basi, na Barnabas aliushika kwa mkono wa kushoto, akashukuru. Jelagat hakwenda Jumatano. Usiku huo aliongea na Chemutai kwa simu. Mtoto alimuuliza kama ni kweli anarudi, na aliposikia ni kweli alifurahi sana, akauliza kama ataletewa baiskeli. Bibi yake akachukua simu, akasema shule imetuma ujumbe tena kuhusu karo.

Xavier alishinda uchaguzi kwa kura nyingi. Kanisani walifanya ibada ya shukrani, na kwenye jiwe, mbele ya jina lake, pakatokea neno MHESHIMIWA, herufi zikiwa zimebanana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Vitali alisema mchongaji angepima kwanza.

Katika wiki ya mwisho ya Jelagat, meneja wa kampuni alimpigia. Aliomba, kama hatajali, amwonyeshe mfanyakazi mpya nyumba ya Cheryl, kwa kuwa Cheryl huwakatalia wageni mlango. Malipo hayakuwepo. Jelagat alikubali.

Alimkuta mfanyakazi mpya kwenye kituo cha basi cha Kingstanding, amevaa koti jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliitwa Zilpah. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, ametoka Eldoret wiki ileile, na baridi ilikuwa imemshika masikio. Alipotoa mkono kusalimia, uzi wa moshi ulitoka kwenye vidole vitatu na kulala kusini mashariki, kule alikotoka.

"Na wewe pia?" Jelagat alimuuliza. "Hata kanisani hujafika."

"Tulifanyiwa huko nyumbani," alisema Zilpah. "Kabla ya tiketi. Ilikuwa laini moja na ya medical. Unapimwa kifua, unapimwa damu, unatia ubani, unapewa pasipoti yako."

"Hukuuliza ni ya nini?"

"Dada, si kila mtu alikuwa anatia?"

Walitembea kupita nyumba zilizofanana, zenye bustani ndogo mbele na mapipa ya taka ya magurudumu. Jelagat alimwonyesha mahali ufunguo unapowekwa na namna ya kuusukuma mlango kwa bega, kwa sababu mbao zilivimba wakati wa mvua. Cheryl alikuwa macho. Alimtazama Zilpah na mkono wake.

"Nani anavuta sigara?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Si sigara, Cheryl. Huyu ni Zilpah. Ndiye atakayekuja."

Cheryl alivuta pumzi. "Inanukia vizuri," alisema. "Wewe unakwenda wapi, bab?"

"Nyumbani."

"Ah. Vizuri. Kila mtu anataka nyumbani."

Zilpah alibonyeza simu ya kazi kuonyesha amefika. Jelagat alimfundisha. Kwanza unamwambia unachotaka kufanya, kwa sababu akishtuka hujikaza. Kisha unakunja goti lake hili, unashika hapa na hapa, unamvuta kwako, usimsukume. Zilpah alikuwa na mikono mizuri, isiyo na pupa. Walipomgeuza na kufunua gauni, Zilpah alikiona kidonda. Kilikuwa kikubwa kiasi cha kuingia yai, na kingo zake zilikuwa nyeusi. Moshi wake ulipita juu ya mgongo wa Cheryl na kuendelea hadi ukutani, kuelekea Nairobi, ambako Mheshimiwa alikuwa akiapishwa wiki hiyo.

"Hiki wanakijua?" aliuliza mwishowe kwa Kiswahili.

"Wanakijua."

"Na nitaandika nini?"

"Watakuambia cha kuandika," alisema Jelagat.

Walikuwa wameosha upande mmoja tu simu ilipolia. Dakika zilikuwa zimekwisha, na kwenye kioo palikuwa na jina la mzee anayefuata, mitaa minne mbali. Zilpah aliutazama mgongo uliokuwa bado na sabuni, akaitazama simu.

"Wewe nenda," Jelagat alimwambia. "Mimi sina saa ya mtu."

Zilpah alisita, akachukua koti. Jelagat alimsikia akiusukuma mlango kwa bega kama alivyofundishwa. Akabaki na Cheryl. Alimsuuza taratibu, akamkausha, akampaka mafuta kuzunguka kidonda, akamwekea mto chini ya nyonga. Cheryl alimsimulia habari za mumewe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari na hakupenda kuvaa kofia. Jelagat alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akapika chai, wakanywa.

Asubuhi ya siku aliyosafiri Jelagat, Zilpah alifika Kingstanding kwa wakati. Alimwambia Cheryl anachotaka kufanya. Alikunja goti, akashika hapa na hapa, akamvuta kwake, na alikuwa amefungua vifungo viwili vya gauni simu ilipolia. Alivifunga tena, akamlaza chali, akavuta blanketi hadi kidevuni. Mlangoni alisimama, akaandika kwenye simu kwamba ngozi ni nzima, akitumia mkono wa kushoto kwa sababu ule wa kulia ulikuwa na moshi.